Pima ya Kumi na Moja

Katika uwanda ule watu hawakuhesabu miaka, walihesabu kina. Ukimuuliza mtu umri wake alikuambia maji yalikuwa wapi siku aliyozaliwa, nawe ukalinganisha na yalipo leo, ukajua unazungumza na kijana au na mtu mzima. Nakijwa alizaliwa maji yakiwa pima tatu, yaani kamba ya urefu wa mikono iliyonyooshwa mara tatu ilitosha ndoo kugusa. Aliolewa kwa pima tano. Aliachika, akarudi kwa baba yake, kwa pima sita na shubiri. Baba yake, Kihedu, alifariki kwa pima saba. Na wakati habari hii inapoanza kamba ilikuwa inaonyesha pima tisa kasoro kidogo, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa kule ndivyo muda ulivyokwenda. Ulikwenda chini.

Kisima kilikuwa kimoja. Kihedu alikichimba mwenyewe kwa sururu na patasi kabla Nakijwa hajazaliwa, kwa upana wa mabega yake tu, akisema ardhi isifunguliwe kuliko mtu anavyohitaji kupita. Kilikuwa katika nusu ya chini ya shamba, na nusu ile alipewa Sefue, mtoto wa kiume. Kisha Sefue akaenda kuifuata mvua. Wanaume wa uwanda walikuwa na desturi hiyo: wakiiona imeanguka mahali fulani kwenye upeo wa macho walijitwika majembe wakaenda, na wengine walipofika waliiona imesogea mbele zaidi, wakaendelea kutembea. Sefue alikuwa miongoni mwa walioendelea. Chini akabaki mkewe, Namkunda, mwanamke mnene, mtaratibu, aliyekuja kuolewa kutoka nyanda nyingine na hadi leo alitamka jina la mahali pale kwa lafudhi ya kigeni. Akabaki na kisima.

Nakijwa alikuwa na nusu ya juu, udongo mwekundu, mzuri, usio na tundu hata moja. Kila asubuhi alishuka na ndoo zake kwa wifi yake, akasalimia, akachota, akashukuru. Kushukuru ndiko kulikomchosha. Mtu anashukuruje kwa maji ya baba yake? Na anayeshukuriwa ni nani, kama si mgeni aliyefika juzi na masanduku mawili? Namkunda hakuwahi kumnyima. Angemnyima ingekuwa nafuu, maana mtu aliyekunyima unaweza kumchukia hadharani na watu wakakuelewa. Huyu alikuwa anasogeza ndoo yake pembeni na kusema, "Anza wewe, wifi," na Nakijwa alianza, akiwa na hasira ambayo hakuwa na pa kuiweka.

Lakini chanzo cha wivu wake hakikuwa udongo wala kisima. Kilikuwa kikombe.

Siku Kihedu anaondoka, walikuwa chumbani watatu. Nakijwa alimpelekea baba yake kikombe cha maji mdomoni, na mzee akageuza uso. Akajaribu tena, akageuza tena, akiukunja uso kama anayeona kitu kichungu. Nakijwa alitoka nje kulia. Aliporudi mlangoni alimkuta Namkunda ameinama juu ya kitanda, mkono chini ya kichwa cha mzee, na midomo ya mzee imelowa, na uso wake umetulia kabisa. Hakuuliza. Alisimama pale akajua alichokiona: baba yake aliikataa mikono ya binti akanywa kwa mikono ya mke wa mwana. Tangu siku hiyo alikunywa maji mara nyingi, ya moto na ya baridi, na hayakumkata kiu.

Hivyo watu wa mashine walipopita uwandani wakitoboa visima virefu, Nakijwa aliwaita. Walitoboa pima thelathini, wakateremsha pampu, wakasimamisha paneli nne za jua kwenye nguzo, wakamwonyesha swichi. Jua lilipowaka maji yalipanda yenyewe, bila kamba, bila ndoo, bila "anza wewe, wifi". Aliyaangalia yakimwagika kwenye mfereji akahisi kwa mara ya kwanza kwamba ana sauti duniani. Alipanda vitunguu shamba zima. Msimu ule vilikua vikubwa kama ngumi na watu walikuja kuviona.

Walikuja kuviona, kisha wakashuka chini kunywa maji kwa Namkunda.

"Ya kwako yana chumvi kidogo," mmoja alimwambia bila ubaya wowote. "Ya Kihedu ni matamu."

Ya Kihedu. Kana kwamba Kihedu alikuwa na kisima bila kuwa na binti.

Jioni hiyo alisimama kwenye mpaka akitazama chini. Bustani ya Namkunda ilikuwa ndogo, mistari michache ya vitunguu, mchicha, mtama pembeni, na yote ilikuwa na kijani kile kisichojitutumua, kijani cha kitu kinachokunywa taratibu na kujua kesho kitakunywa tena. Cha kwake kiling'aa, lakini kiling'aa kama mtu anayecheka kwa nguvu. Alipokuwa anatazama, Namkunda alikuja kisimani kupima maji, kama alivyofanya kila siku, kwa kamba yenye mafundo. Aliiteremsha, akaipandisha, akaitazama sehemu iliyolowa. Kisha akafunga fundo jipya chini ya lile la jana.

Pampu ilikuwa imefanya kazi siku nzima.

Nakijwa alielewa hapohapo, bila kufundishwa na mtu. Chini hakukuwa na mpaka. Walichimba mashimo mawili, yeye na baba yake, lakini walichoma kitu kimoja, na alichokivuta yeye juu kilimshukia mwenzake chini. Mtu mwingine angeogopa. Yeye alihisi utamu ukimpanda kooni. Kwa miaka yote hiyo hakuwa na njia ya kumgusa yule mwanamke mahali panapouma, na sasa alikuwa nayo, yenye swichi nyekundu na nyeusi, na jua lenyewe likimsaidia bila kudai chochote.

Kumiliki kisima ni kumiliki nini? Nakijwa alijiuliza hivyo siku nyingi akiwa amekaa chini ya kivuli cha paneli. Udongo wa ukingoni unaweza kuumiliki, unaonekana. Ndoo unaweza kuimiliki. Lakini kisima chenyewe ni mahali ambapo udongo haupo, ni tundu, na mwenye tundu ana haki ya kutokuwa na kitu. Maji yaliyo mle ndani yalianguka kama mvua juu ya watu ambao majina yao hakuna anayeyajua, yakazama polepole, yakapita chini ya nyumba za watu waliogombana na kupatana na kufa, wala hayakumwuliza mtu yeyote ruhusa. Ya pima thelathini ni mvua ya lini? Anaponyweshea vitunguu, ananyweshea kwa siku za nani? Maswali hayo yalimjia, akayaacha yapite. Kilichobaki baada ya maswali yote kupita kilikuwa kitu kidogo, kigumu, chenye joto. Asiwe na kisima yule mwanamke.

Akaiacha pampu iwake. Vitunguu vilikunywa vikashiba, naye hakuizima. Majaruba yalijaa yakafurika, maji yakasimama siku nzima kati ya matuta yakitazama mbingu. Shingo za vitunguu zikaanza kulainika, kisha kunuka. Alivuna vilivyooza akavitupa, akapanda vingine, akaviloweka tena. Udongo wake mwekundu ulianza kutoa unga mweupe juu, chumvi iliyokuwa imelala chini sasa ikiamshwa na maji na kupanda nayo, na palipokuwa na unga huo hapakuota kitu. Kila jioni alikwenda mpakani. Hakwenda kutazama shamba lake.

Fundo. Jingine. Hesabu, Nakijwa, hesabu. Leo nusu shubiri. Leo shubiri nzima. Analia? Halii. Kwa nini halii? Amevaa kanga ileile. Anatandaza nyasi kavu juu ya matuta yake, anayafunika kama watoto wanaolala. Anatoboa makopo kwa msumari, anayachimbia kwenye mizizi ya mimea, anaweka kikombe kimoja kimoja cha maji. Ameacha nusu ya bustani bila kupanda. Anachimba makinga ya kushikia mvua, mvua ambayo haipo, anachimba kwa mvua ambayo mume wangu, hapana, mume wake, kaka yangu, ameifuata hadi nje ya dunia. Na bado kijani. Kwa nini bado kijani? Mimi nina bahari nimekauka, yeye ana kikombe na ana kijani.

Ndivyo alivyozungumza moyoni, na siku nyingine alipozungumza hivyo hakuwa na hakika ni yeye aliyesimama mpakani au ni yule aliyeinama. Wapitanjia waliotoka mbali waliwachanganya. Walimwita Namkunda kwa jina la Nakijwa, na Nakijwa kwa jina la Namkunda. Mwanzoni aliwasahihisha. Baadaye akaacha, akaitika, na kuitika kulimpa raha ya kuiba.

Maji yalifika pima kumi. Kisha kumi na moja. Kisha kamba ikapanda kavu.

Namkunda alikuja juu kwa mara ya kwanza tangu mashine ilipotoboa. Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama wima, pampu ikinguruma taratibu. Alikuwa amebeba kamba nene begani na sepeto fupi mkononi. Alipita kati ya majaruba yaliyofurika akiinua kanga yake isilowe, akasimama mbele ya Nakijwa, hakuitazama pampu.

"Wifi, hujambo."

"Sijambo. Karibu."

"Kisima kimekauka. Nadhani kimejaa mchanga chini, tukiutoa huenda kikatoa kidogo. Mimi siwezi kushuka." Alijigusa kiuno. "Baba yako alikichimba kwa mabega ya watu wa kwenu. Wewe utapita."

Nakijwa alingoja aendelee. Aliingoja lawama, au ombi, neno lolote ambalo angelijibu kwa majibu aliyoyaandaa kwa muda mrefu hadi yakawa laini kama mawe ya mtoni. Halikuja.

"Nitashuka," akasema. Si huruma iliyosema. Alitaka kukiona kwa macho yake. Alitaka kusimama penye ukavu ule na kuugusa, kama mkulima anavyotaka kulishika zao lake. Akaondoka na wifi yake, na pampu akaiacha inawaka.

Ukingoni waliteremsha kwanza kibatari kilichowashwa, kuona kama hewa ya chini inafaa. Moto haukuzima. Namkunda alimfunga Nakijwa kamba kiunoni na mapajani, akaipitisha kwenye kapi la chuma na kuizungusha mara mbili kwenye nguzo. Alifunga kwa uangalifu, akivuta kila fundo, uso wake karibu sana na tumbo la mwenzake. Nakijwa alikitazama kichwa kile kilichoinama, mvi za kwanza kwenye utosi, akasema kitu ambacho hakukusudia kukisema.

"Siku ile ulimpa baba maji."

Namkunda hakuinua kichwa. "Siku ipi?"

"Ya mwisho. Mimi alinikataa. Kwako akanywa."

"Hakunywa." Alivuta fundo jingine. "Alikuwa hawezi kumeza tena, wifi. Ulipomwekea kikombe alikuwa anaogopa kupaliwa. Mimi nilichovya pembe ya kanga nikamlowesha midomo. Hakuna alichokunywa. Alikuulizia wewe, uko wapi. Nikamwambia unakuja."

"Uongo."

"Sawa," alisema Namkunda, akasimama, akashika kamba. "Shuka. Mguu wa kushoto kwanza."

Kuta zilikuwa na vidato, vishimo vya kukanyagia alivyovichonga Kihedu, kila kimoja kwa ukubwa wa mguu wake. Nakijwa alishuka. Katika pima ya tatu aliona mstari mwembamba, wa kijivu, ulioachwa na maji yaliyokaa hapo muda mrefu, akajua anapita mahali alipozaliwa. Aliweka kiganja. Palikuwa pakavu na pa moto kidogo, kama ukuta wa jiko lililozimwa asubuhi. Alishuka. Katika pima ya tano alisikia ngoma za harusi yake, au alisikia damu masikioni. Katika ya sita alikuwa binti aliyerudi na bakuli na godoro, na baba hakumwuliza kitu, alimwonyesha tu mahali pa kulala. Alipita pima ya saba haraka. Hapo hakutaka kusimama, lakini mguu ulikosa kidato akaning'inia kwa kamba, akizunguka polepole, na sauti ikawa inamwulizia yuko wapi, yuko wapi, bila hasira, kama mtu anayeuliza akiwa na usingizi.

Chini ya pima ya tisa vidato viliisha. Baba yake hakuwa amechimba zaidi ya hapo. Vibarua waliokichimba zaidi baada ya kifo chake walitumia kamba tu, na kuta zao zilikuwa laini, hazina pa kushika. Namkunda alimteremsha kidogo kidogo hadi miguu ikagusa mchanga.

Alitazama juu. Mbingu ilikuwa sarafu nyeupe, na ndani ya sarafu kichwa cheusi. Maisha yake yote alikuwa ametazama chini ya kisima akiona kichwa chake mwenyewe kikimtazama kutoka kwenye maji. Sasa yeye alikuwa mahali pa kile kivuli, na aliyekuwa juu angeweza kuwa mtu yeyote. Nani anachota? Nani anachotwa? Akainua mkono kuhakikisha. Kichwa cha juu hakikuinua mkono, akashukuru.

Alianza kuchimba kwa sepeto. Mchanga ulikuwa mkavu juu, na chini yake mbichi kidogo, kama biskuti iliyosahauliwa nje. Alijaza ndoo, ikapanda, ikashuka, akajaza tena. Alipokuwa amesimama kungojea ndoo ya tatu ndipo alipoisikia.

Ilitoka ukutani. Mlio mzito, wa chini, usiopumua. Aliweka sikio kwenye udongo na mlio ukaingia kwenye meno. Kule juu pampu ilinguruma kama kitu cha mbali, cha kawaida. Huku chini ilikuwa inanyonya. Aliweza kusikia punje za mchanga zikivutwa kuelekea huko, zikisuguana, na unyevu aliokuwa ameufukua chini ya miguu yake ulikuwa unaondoka akiutazama, mchanga ukibadilika rangi kutoka weusi kuwa kijivu. Alikuwa amesimama ndani ya koo, na koo lilikuwa lake, na lilikuwa linameza.

"Wifi," aliita.

"Naam."

"Ni mimi." Sauti yake ilipanda ikizunguka. "Ni pampu yangu. Naiwasha hata nikiwa sihitaji. Naiwasha ili kwako kukauke."

Kichwa hakikusogea. Punje moja ya udongo ilianguka ikampiga begani.

"Najua," alisema Namkunda.

"Tangu lini?"

"Tangu pima tisa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeizima?"

Nakijwa alifikiri. Mahali pale hapakuwa na nafasi ya kudanganya, kuta zilikuwa karibu mno. "Nisingeizima. Ningeongeza paneli."

"Basi. Nilikuwa nabana kwangu, ili kitakachobaki kitutoshe wote wawili. Nilichobana ukawa unakivuta wewe. Nikasema sawa, kitakwisha, atakuja."

"Sikuja mimi. Umekuja wewe."

"Nilichoka kusubiri."

Mlio uliendelea ukutani. Nakijwa aliuona mchanga wa mwisho wenye weusi ukipungua kuzunguka kisigino chake.

"Nenda ukaizime," alisema.

"Ya kwako. Zima mwenyewe."

"Mimi niko huku. Ukianza kunivuta, hadi nifike juu na kutembea, hiki kilichobaki kitakuwa kimekwisha. Nenda. Swichi iko kwenye nguzo ya paneli, iangushe chini."

"Nikienda hutakuwa na mtu kwenye kamba."

"Ifunge kwenye nguzo."

"Nitaifunga," alisema Namkunda, na kwa muda alionekana kama anafikiri jambo, au jua lilimfanya aonekane hivyo. Kisha sarafu ya mbingu ikabaki tupu.

Nakijwa alibaki. Hapo ndipo alipojua jinsi ilivyo kuwa kitu kilicho chini. Aliye juu ana jua, ana miguu, ana njia ya kwenda na njia ya kurudi, na anaweza kukumbuka au kusahau. Aliye chini ana kungoja tu. Akichotwa anapanda, akiachwa anakaa, kizazi baada ya kizazi, na hana hata mdomo wa kusema jina lake. Mwanamke yule alikuwa na kila sababu. Ilikuwa imebaki kugeuka tu, kushuka kwenye bustani yake, kuketi kwenye nyasi zake kavu na kusubiri, na yeye alijulikana uwandani kwa kusubiri. Nakijwa angefanya hivyo. Alilijua hilo kama anavyojua njia ya nyumbani: lau yeye angekuwa juu na Namkunda chini, angekwenda polepole sana, angesimama njiani kung'oa magugu. Na kujua hivyo hakukumfanya amwogope Namkunda. Kulimfanya amwonee wivu zaidi kuliko alivyowahi, kwa sababu yule angeweza kuchagua, na yeye alikwisha kuchagua kila siku, kwa misimu miwili, kila jua lilipochomoza.

Alihesabu hatua za mtu mnene kwenye jua kali. Alizipoteza, akaanza upya. Alikuwa mtoto wa pima tatu. Alikuwa baba yake akichonga kidato, akijipima mguu. Alikuwa mvua isiyo na jina ikizama chini ya nyumba za watu. Mlio ulikuwa bado ukutani.

Ukakatika.

Hakuna kilichotokea mara moja. Kimya tu, kimya kinene ambacho hakuwahi kukisikia tangu mashine ije, na ndani yake sauti ndogo sana, kama mtu anayepumua kwa pua katika chumba cha pili. Aliinama. Mchanga chini ya kisigino chake ulilegea. Rangi yake ikaanza kugeuka, kutoka kijivu kurudi weusi, polepole mno kiasi kwamba ukiukazia macho hukuuona ukibadilika, ukiyaondoa na kuyarudisha ulikuwa umebadilika.

Kilikuwa kimya kizuri kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka katika shamba lake, na kilikuwa kimetengenezwa na mkono wa Namkunda. Nakijwa alilifikiria hilo akiwa amepiga magoti, viganja vikiwa juu ya mchanga. Hata hiki. Hata hiki amekifanya yeye.

Nyayo zilirudi ukingoni, na pumzi nzito, na kichwa kikaingia katika mbingu.

"Wifi, upo?"

"Nipo."

"Nimeizima. Shika kamba, nikuvute."

Kamba ilikazika kiunoni. Nakijwa aliishika kwa mikono yote miwili akaivuta chini, ikalegea.

"Usinivute kwanza," alisema. "Yanakuja. Nataka yanikute mimi kabla yako."

Kisha akasikia Namkunda akiketi ukingoni, akihema, na vumbi kidogo likashuka.

"Haya," alisema Namkunda. "Anza wewe."